Kama jeni moja inatosha, kwa nini kiinitete huzunguka sana kutengeneza msuli?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma biolojia ya seli, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba jeni iitwayo MyoD ikiwashwa ndani ya seli ya tishu unganishi, seli hiyo hugeuka kuwa ya msuli. Lakini kitabu hichohicho kina sura nzima ya mesodermu, somiti, Pax3, Pax7, Wnt na majina mengine mpaka kichwa kinauma. Kama swichi moja inatosha, kwa nini kiinitete kipite njia ndefu hivyo? Na mioblasti, yaani seli changa ya msuli inayogawanyika, nitaitofautishaje na seli iliyoitangulia, maana kwenye hadubini naziona zote sawa?

Jibu: Marahaba. Jaribio la MyoD mara nyingi husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye jibu lako. Tuanzie hapo.

Mwaka 1979 Shirley Taylor na Peter Jones waliziwekea dawa ya azasitidini seli za panya za aina ya 10T1/2, ambazo ni fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi. Dawa hiyo huzuia DNA isiwekewe alama za methili, ambazo husaidia kufunga jeni zisisomwe. Baadhi ya seli zikawa za msuli, nyingine za mafuta, nyingine za gegedu. Mwaka 1987 Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar walitafuta jeni inayosomwa kwenye seli zilizoelekea kwenye msuli lakini haisomwi kwenye fibroblasti za awali. Wakaipata MyoD. Walipoiingiza peke yake kwenye fibroblasti, nazo zikaanza kuungana na kutengeneza miosini, protini ya msuli ya kujikunja.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Lakini zile 10T1/2 zilikuwa seli za aina gani? Zilitoka kwenye kiinitete cha panya, nazo ni za ukoo wa mesodermu, tabaka lilelile linalozaa msuli. Zilikuwa jirani tayari. Maabara ya Weintraub ilipoijaribu MyoD kwenye seli za rangi, za neva, za mafuta na za ini, jeni za msuli ziliwaka, ila si kwa kiwango kimoja kila mahali, na baadhi ya seli hizo hazikuacha kabisa kazi yao ya zamani. Kwenye seli shina za kiinitete cha binadamu kuna majaribio ambayo MyoD ilishindwa hadi iliposaidiwa na protini nyingine, BAF60C, iliyo sehemu ya mtambo unaofungua DNA iliyokunjwa. Kwa hiyo neno swichi linapotosha. Swichi haijali nyaya zimefungwa na nani. MyoD inajali sana.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. MyoD ikifanya kazi kwa nguvu bila kizuizi, inaisukuma seli iache kugawanyika na kuwa uzi wa msuli. Hiyo si seli tangulizi. Seli tangulizi ni ile iliyokwisha kuelekea msuli lakini bado inazuiwa isiwe. Njia ndefu unayoilalamikia ina kazi tatu: kuifikisha seli mahali pake, kuifungulia jeni zinazofaa, na kuizuia mpaka ziwepo seli za kutosha. MyoD peke yake haifanyi hata moja kati ya hizo kwa ukamilifu.

Tuifuate seli yenyewe. Katika wiki ya 3 ya ujauzito wa binadamu, seli za tabaka la juu la kiinitete huzama kwenye mfereji wa katikati na kuwa mesodermu. Upande wa mkia hubaki kundi la seli ambazo bado hazijaamua: zinaweza kuwa mrija wa neva, ambao ni chimbuko la ubongo na ugwe mgongo, au mesodermu ya kandokando ya mrija huo. Ndani yake zimewaka jeni mbili zinazovutana, Sox2 ya upande wa neva na Brachyury ya upande wa mesodermu. Ishara ya Wnt ikizidi, Brachyury hushinda, kisha Tbx6 huwaka na kuizima Sox2. Uzito wa hatua hii ulionekana mwaka 1998, kwa panya waliokosa Tbx6: zile seli ambazo zingekuwa somiti ziligeuka neva, wakawa na mirija mitatu ya neva, mmoja wa kawaida na miwili pale palipostahili kuwa na chimbuko la misuli na mifupa. Uamuzi wa kwanza kuelekea msuli basi ni wa kukataa kuwa neva. Neno msuli lenyewe bado halijatajwa.

Mesodermu hiyo hukatika vipande viwiliviwili kutoka kichwani kuelekea mkiani, na hivyo ndivyo somiti. Kwa kuku jozi moja hukatika kila baada ya dakika 90 hivi, kwa panya kila baada ya saa 2. Kwa binadamu za kwanza huonekana karibu siku ya 20, na mwishowe hufika jozi 42 hadi 44, ingawa za mwisho mkiani hupotea baadaye.

Somiti changa ni kifundo cha seli ambazo bado zinaweza kugeuka mambo mengi, na hapa majirani ndio wanaoamua. Notokodi, ufito wa seli ulio chini ya mrija wa neva, pamoja na sakafu ya mrija huo, hutoa protini ya Shh kutoka chini. Paa la mrija wa neva, na ngozi changa iliyo juu, hutoa Wnt. Mesodermu ya pembeni hutoa BMP4, ambayo huchelewesha msuli. Seli za chini, zinazopata Shh nyingi, hutawanyika na kujenga pingili za uti wa mgongo na mbavu. Za juu hubaki zimepangana kama karatasi, na sehemu hiyo huitwa dermomiotomu. Kwenye ukingo wake ulio karibu na mrija wa neva, Wnt hukutana na Shh kiasi, huku protini ya Noggin ikiifunga BMP isiharibu kazi, na hapo jeni ya Myf5 huwaka. Zingatia kwamba Shh ileile iliyotengeneza mfupa hapo chini inasaidia msuli hapa juu. Ishara haina maana moja. Maana yake hutegemea kiasi chake, ishara iliyo pamoja nayo, na jeni ambazo seli ilikuwa imekwisha kuzifungua. Wanafunzi hukariri "Shh ni mfupa, Wnt ni msuli", halafu mtihani unawaumbua.

Sasa Pax3 na Pax7. Hizi huwaka kwenye dermomiotomu kabla ya Myf5 na MyoD, na seli yenye Pax bila hizo mbili ndiyo seli tangulizi ya awali. Imejua upande, inaendelea kugawanyika, haina protini yoyote ya kujikunja. Baadhi hazibaki kwenye somiti. Zile za misuli ya mikono na miguu huchomoka na kusafiri zikiwa bado hazijawasha MyoD. Hutumia kipokezi kiitwacho Met, ambacho Pax3 husaidia kukiwasha, kuitikia protini ya HGF inayotolewa na chipukizi la kiungo. Panya wasio na Pax3 inayofanya kazi hawapati misuli ya miguu. Safari hiyo ilithibitishwa miaka ya 1970 kwa kupandikiza somiti za kware kwenye kiinitete cha kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware hutambulika kwa urahisi chini ya hadubini: misuli ya bawa ikatoka kwa kware, mifupa na kano zikatoka kwa kuku mwenyewe.

Uamuzi wenyewe hufanywa na Myf5 na MyoD. Panya akikosa moja kati ya hizo, bado hupata misuli, kwa sababu nyingine huziba pengo. Mwaka 1993 walitengenezwa panya waliokosa zote mbili: hawakuwa na nyuzi za msuli, na mioblasti hazikuonekana kabisa, wakafa mara baada ya kuzaliwa. (Baadaye, mwaka 2004, iligundulika kwamba kuharibu Myf5 kwa namna ile kulikuwa kumeivuruga pia Mrf4, jeni iliyo jirani yake kwenye kromosomu, na kwamba Mrf4 nayo inaweza kutoa utambulisho wa msuli. Kwa hiyo waamuzi ni watatu.) Linganisha na panya waliokosa jeni ya miojenini, pia mwaka 1993: wao walikuwa na mioblasti tele, lakini nyuzi zikawa haba sana. Majaribio haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba kuamua na kukomaa ni hatua mbili tofauti, zenye jeni tofauti.

Na seli iliyokosa mwamuzi hufanya nini? Haikai ikisubiri. Kwa panya waliokosa Myf5, seli zilizofika kwenye eneo la msuli zilipotea njia, nyingine zikaingia kwenye gegedu na nyingine kwenye ngozi, zikafuata kazi za hapo.

Turudi kwenye kuzuiwa. MyoD haifanyi kazi ikiwa peke yake: hushikana na mwenza kutoka kundi la protini za E, kisha wawili hao hukaa kwenye DNA penye mfuatano wa CANNTG (N ni herufi yoyote ya DNA). Protini iitwayo Id humkamata huyo mwenza, na MyoD hubaki ipo lakini haina nguvu. Protini za ukuaji ziitwazo FGF nazo huifanya seli iendelee kugawanyika. Ishara ya Notch, inayopokewa kutoka kwa seli jirani, hutuliza MyoD. Panya ambao ishara hiyo imedhoofishwa wanafundisha sana: seli zao tangulizi hukimbilia kuwa nyuzi mapema, akiba inakwisha, na misuli inabaki midogo mno. Ungedhani kuondoa breki kungeleta msuli zaidi, kumbe huleta kidogo.

Breki zikilegea kwa wakati wake, seli hutoka kwenye mzunguko wa kugawanyika, jeni za miojenini na MEF2 huwaka, na protini za Myomaker na Myomixer huunganisha utando wa seli moja na nyingine mpaka unakuwa uzi mmoja wenye viini vingi. Kutoka hapo hakuna kurudi kugawanyika.

Seli chache hazifiki huko. Seli zenye Pax7 hubaki zimejibana kati ya uzi na utando wake wa nje. Alexander Mauro ndiye aliyezieleza mwaka 1961 na kuziita seli setilaiti. Msuli ukijeruhiwa huamka, huwasha MyoD, hugawanyika, na sehemu yake hurudi kulala zikiwa na Pax7 bila MyoD. Watu huchanganya hizi na mioblasti. Setilaiti ni akiba iliyolala; mioblasti ni seli iliyoingia kazini.

Hayo yote ni ya misuli inayoshika mifupa ya kiwiliwili na viungo. Misuli ya uso na ya kutafuna huanza kwa jeni nyingine, zikiwemo Tbx1 na Pitx2, ingawa huishia kwa Myf5 na MyoD. Moyo haupiti kwa MyoD kabisa.

Kuhusu hadubini: kwa umbo pekee hutafaulu, na wala usijilaumu. Mioblasti na fibroblasti kwenye sahani zote ni ndefu na nyembamba. Tumia kingamwili zenye rangi. Pax7 bila MyoD inamaanisha seli tangulizi ambayo haijaingia kazini. MyoD au Myf5 pamoja na desmini, protini ya kiunzi cha seli za msuli, huku seli bado zinagawanyika, hiyo ni mioblasti. Miojenini ikionekana, seli imeanza kutoka. Miosini na viini vingi, imefika. Ukiwa na seli za C2C12, ambazo ni mioblasti za panya zinazokuzwa maabara, utayaona mwenyewe: zilishe seramu ya asilimia 10 zigawanyike, kisha zikikaribiana ishushe hadi asilimia 2 ya seramu ya farasi, na ndani ya siku chache zitaanza kuungana. Usizisubiri zijae mno kabla ya wakati, maana zitaanza kukomaa kabla hujataka. Wanaoanza na seli shina hulazimika kufuata mpangilio wa kiinitete: kwanza kemikali inayoiga Wnt, kisha kizuizi cha BMP, halafu FGF na HGF, kazi ya wiki kadhaa. Kuingiza MyoD moja kwa moja hufupisha muda, lakini unachopata zaidi ni nyuzi, si akiba ya seli tangulizi.

Jihadhari na kosa moja la kusoma majibu. Kuna saratani ya watoto na vijana iitwayo rabdomiosakoma ya alveola, ambayo mara nyingi hutokana na kipande cha kromosomu ya 2 kuungana na cha kromosomu ya 13, hata Pax3 ikashonewa kwenye jeni nyingine, FOXO1. Seli zake zina MyoD na miojenini, na madaktari wa patholojia huzitumia hizo kuitambua. Lakini haziachi kugawanyika wala hazifiki kuwa uzi wa kawaida. Kwa hiyo, ukiona MyoD imewaka kwenye sahani yako, andika kwamba seli imechagua njia, kisha tafuta alama za kugawanyika kabla hujaandika kwamba imefika.