Kwa daktari mgeni kliniki ya upasuaji: mpasuko sugu wa njia ya haja kubwa

Mgonjwa wako atasema ana bawasiri, kwa kuwa karibu kila kinachouma na kutoa damu sehemu ile huitwa hivyo. Akieleza kwamba akijisaidia anahisi kama amekatwa na wembe, na maumivu yakaendelea kwa saa kadhaa, fikiria mpasuko. Ukidumu zaidi ya wiki 6 hadi 8 tunauita sugu.

Msuli wa ndani unaobana njia ya haja kubwa hukaza kupita kiasi, damu ikafika kidogo mno kwenye kidonda. Kwa hiyo choo kikishalainishwa kwa vyakula vyenye nyuzinyuzi na maji ya kutosha, linalobaki ni kuulegeza msuli: dawa huulegeza kwa muda, kisu kwa kudumu.

Dawa ya kupaka ya nitrogliserini huponya takriban nusu ya wagonjwa, na wengi huumwa kichwa. Wakati mmoja nilikuwa nimeshamwandikia upasuaji mama aliyedai dawa imeshindwa, ndipo nikamwomba anionyeshe anavyoipaka. Alikamua mstari wa urefu wa kidole kizima, ilhali kiasi cha punje ya njegere kingetosha. Kichwa kilikuwa kimemgonga hadi akaiacha siku ya nne. Tulimbadilishia diltiazemu ya asilimia 2, ambayo haisumbui sana kichwa, akaipaka kwa wiki 8 na kidonda kikafunga. Sindano ya botulinamu nayo hulegeza msuli kwa miezi michache, kwa mwenye uwezo wa kuilipia.

Kukata sehemu ya msuli huo upande mmoja huponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, na hakuna dawa inayofikia hapo. Hata hivyo, msuli uliokatwa haurudi ulivyokuwa, na baadhi hushindwa kuzuia hewa au hata choo. Njia ya zamani ya kupanua kwa vidole kwa nguvu iacheni kabisa, kwani huchana msuli ovyo.

Mpasuko usiokuwa katikati, nyuma au mbele, usiutibu kabla ya kutafuta kifua kikuu, VVU, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au saratani. Kabla ya kumkata msuli, mwanamke muulize pia kama alichanika wakati wa kujifungua, kwani huenda msuli uliumia tayari, na jibu lake liandikwe kwenye faili kabla hajasaini fomu ya ridhaa.