"Hugeuka saratani" au "kinaweza kugeuka saratani"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, Mbeya. Tunaandaa kipeperushi kwa ajili ya wakulima na watu wenye ualbino. Rasimu inasema: "Kidonda cha mdomo kinachotokana na jua hugeuka saratani. Seli za kinga huvamia kidonda kwa sababu kinga imeshuka." Mwenzangu anasema Kiswahili kiko sawa, ila mimi nina wasiwasi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisarufi mwenzako yuko sahihi. Tabu iko kwenye maana, na imejificha ndani ya vitenzi.

Tuanze na "hugeuka". Hu- ni ya mazoea: jua huchomoza mashariki, maji hutelemka bondeni. Mkulima wa viazi kule Umalila akisoma "hugeuka saratani", ataelewa kwamba kila mdomo wenye magamba na nyufa zisizopona mwisho wake ni huo. Sivyo. Baadhi ya vidonda hivi, ambavyo hukaa zaidi kwenye mdomo wa chini kwa kuwa ndio unaopigwa na jua, hugeuka, vingine havigeuki. Kwa macho tu ni vigumu kuvitofautisha, ndiyo maana daktari hukata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Basi andika "kinaweza kugeuka". Msiweke "labda" wala "pengine", maana hapo mtu atajipaka mafuta ya mgando na kurudi shambani.

"Huvamia" ndiyo iliyonikera zaidi. Kwenye habari za saratani, kuvamia ni kazi ya seli za saratani zenyewe, pale zinapotoboa tabaka la juu na kuingia nyama ya chini. Ukizipa seli za kinga kitenzi hichohicho, msomaji hatajua adui ni nani. Seli za kinga hukusanyika. Limfosaiti, aina mojawapo ya seli hizo, hujaa chini ya tabaka lililoharibiwa na jua. Nyingine huua seli zilizoharibika, lakini nyingine hutuliza mapambano na kuiachia saratani mwanya. Kwa hiyo wingi wake peke yake hauelezi kama mgonjwa yuko salama, na "hukusanyika" haiegemei upande wowote.

Halafu hiyo "kwa sababu kinga imeshuka". Kwanza sababu imepinduliwa: seli hukusanyika kwa sababu jua limeharibu ngozi. Pili, huku nyanda za juu kusini, ambako UKIMWI umetuumiza sana, mtu akisikia "kinga imeshuka" anawaza kipimo cha VVU. Kipeperushi kitafichwa chini ya godoro! Ni kweli jua hupunguza seli za Langerhans, walinzi wa ngozi. Ni kweli pia kwamba waliopandikizwa figo, wanaotumia dawa za kutuliza kinga ya mwili mzima, hupata saratani ya mdomo zaidi ya wengine. Lakini hayo ni mambo mawili. Lenu liandikwe "jua hudhoofisha kinga ya ngozi ya mdomo".

Ningeandika hivi: "Kidonda cha mdomo kinachotokana na jua kinaweza kugeuka saratani. Jua huharibu ngozi ya mdomo na kudhoofisha kinga yake. Kisipopona, nenda ukapimwe."

Ongezeni kwamba baridi haizuii jua. Kila ukipanda mita 1,000, miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10. Na mkitaja kofia, andikeni "kofia pana". Mkiandika "kofia" tupu, kwa baridi ya huku watu watavaa ya sufu.