Ramani Yangu Siitumi: Ushauri kwa Wanaojenga kwa Maoni ya Mitandaoni

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wa siku nyingi, aliniandikia. Salamu nzuri, pongezi za kuhamia, halafu ombi: “Naomba unitumie ramani ya nyumba yako kama ilivyo, fundi yuko tayari, mwezi ujao tunachimba msingi.” Kiwanja chake kiko Ngaramtoni, Arusha. Mimi nimejenga Moshi, upande wa chini, njia ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC.

Dada yangu, ramani sikutumii. Usininunie, soma kwanza.

Kutoka Arusha mjini hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na hizo zinatosha kabisa kukuharibia nyumba. Wewe uko kwenye mteremko wa Meru, Julai mnashinda na masweta. Huku kwetu chini, ikifika Februari, watoto wanahama vitandani wanalala kwenye vigae. Nyumba yangu imechorwa ili ipitishe upepo: madirisha yanatazamana, juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa, na baraza ndefu inazuia jua lisiguse ukuta wa sebule. Ihamishie Ngaramtoni hivyo hivyo uone kama hamtaamka mnakohoa.

Na suala la jua lenyewe watu wanalichukulia kirahisi mno. Kuna kaka mmoja Mtanzania anayeishi Marekani alinishauri, kwa heshima zote, niweke madirisha makubwa upande wa kusini “ili nyumba ipate jua”. Hakuwa ananidanganya. Kule aliko, jua la mchana linapita kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta: kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua linapita kaskazini mwetu, miezi inayobaki linahamia kusini. Maana yake, kwa mtu wa Ngaramtoni, Juni hadi Agosti ambako ndiko kwenye baridi, chumba kinachotazama kusini jua hakilioni. Weka huko stoo. Sebule na vyumba vya watoto wape kaskazini.

Mimi shida yangu ilikuwa kinyume, kulikimbia jua. Kwa hiyo nyumba imelala mashariki kwenda magharibi, kuta fupi ndizo zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni, na upande wa magharibi nimepanga bafu na stoo, vitu visivyojali joto. Baraza inatazama kaskazini, na kaskazini ndiko iliko Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Asubuhi kabla mawingu hayajafunga, unakunywa chai mlima wote uko mbele yako. Hapo naringa kidogo, mniache.

Sasa niwaeleze tulivyoanza, maana wengine mnadhani tulikuwa na hela. Mimi ni mwalimu. Mume wangu anafanya kazi na watalii wa mlimani, hela inakuja kwa msimu na inaondoka bila msimu. Nyumba nilichora mwenyewe kwenye daftari la hesabu, lile la viboksi, kila kiboksi futi moja. Nikapiga picha, nikaitupia kwenye grupu moja la WhatsApp la watu wanaojenga, na kwenye ukurasa mmoja mkubwa wa Facebook. Nikaandika kwa adabu: wapendwa naombeni maoni.

Nilipata maoni.

Wa kwanza hakusoma hata maelezo: “Ficha paa dada, hizo za bati kuonekana zimepitwa.” Wa pili akataka kila chumba kiwe masta. Mwingine akasema nipandishe ghorofa kabisa, kana kwamba atachangia. Wengine wakawa wananivuta pembeni, “njoo PM nikuchoree kwa bei ya kirafiki.” Halafu akaja yule. Aliitazama baraza yangu ndefu inayopita mbele ya vyumba vyote, akaandika: “Hii ni nyumba au shule ya msingi? Darasa la saba B wako wapi?”

Vicheko. Mtu akaweka picha ya kengele. Mwingine akauliza mwalimu wa zamu ni nani. Na mimi mwalimu, kumbukeni. Nililia, sifichi, mume wangu alivyoingia alidhani kuna msiba kwetu. Hadi leo nalikumbuka jina la yule bwana na picha yake, amevaa miwani ya jua yuko ndani ya gari. Sijui kama hata ana kiwanja.

Tukirudi kwenye kuficha paa, kwa sababu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Nyumba ya kuficha paa inapendeza kwenye picha, nakubali. Lakini elewa inavyofanya kazi. Bati linalazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta unaopanda juu, na maji yanakusanywa kwenye gata iliyo ndani ya ukuta huo. Gata ikiziba kwa majani, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari. Paa la kawaida gata likiziba maji yanamwagika nje, unalowa mguu tu. Isitoshe, paa lisilotokeza nje ya ukuta linaacha kuta na madirisha yapigwe na jua na mvua moja kwa moja. Kwetu kuna migrevilea na miparachichi kila upande, majani hayana likizo. Nina rafiki ambaye dari lake la jipsamu lilishuka sebuleni Aprili, na kochi likiwa bado na nailoni zake. Anayetaka kuficha paa afiche, ila awe na fundi anayelijua kweli, gata pana, na mtu wa kupanda kusafisha kabla ya masika. Kwenye zile picha ngazi huwa haionyeshwi.

Katikati ya vicheko kulikuwa na mzee mmoja. Nasema mzee kwa sababu aliandika maneno yote kamili bila kukatakata. Aliuliza: “Binti, mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia kiwanjani kwako kwa upande gani, na yanatokea wapi?” Basi. Hakutaka nije PM, hakuuza chochote.

Jibu sikuwa nalo. Kiwanja tulikinunua Septemba, kikavu, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kiganja. Mume wangu alitaka tuanze, vijana wa kuchimba walishapatikana. Nikasema tunasubiri masika. Tulinuniana, sitaingia huko.

Mvua zilipokolea tukaenda na mabuti. Maji yaliingilia kona ya juu, chini ya michongoma ya jirani, mekundu, yamebeba makapi ya mahindi na ndala moja ya mtoto. Yakakata kiwanja mshazari, yakapita pale pale ambapo kwenye daftari langu palikuwa chumba cha watoto. Mume wangu alisimama kwenye maji yale mikono kiunoni, hakusema neno, akachomeka kijiti. Tukaenda tunachomeka vijiti kila yanapopita mpaka yalipotokea kwenye mtaro wa barabarani. Nyumba tukaisogeza yote kwenye upande ulioinuka, ile njia ya maji tukaiacha iwe njia ya maji, na jamvi, yaani sakafu ya zege, tukalipandisha juu kuliko fundi alivyozoea.

Zile nyufa nazo zilikuwa na habari yake. Huo ni udongo wa mbuga, mweusi, unanata kwenye koleo kiasi cha kulifuta kwa mkono kila ukichota. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka hadi kuta zinapasuka kwa mshazari kutoka kwenye kona za madirisha. Grupu lilishanipitishia kwamba msingi wa kozi tatu, yaani safu tatu za tofali, unatosha. Fundi wetu alichimba mashimo ya majaribio kwenye pembe, na chini, kina cha kiunoni hivi, rangi ikabadilika, sururu ikaanza kulia kwenye changarawe ngumu. Hapo ndipo msingi ulipokaa. Mbuga ya ndani ya nyumba ilichimbwa ikatolewa, tukajaza moramu, udongo wa changarawe, na kuishindilia tabaka kwa tabaka, na chini ya kuta ukapita mkanda wa zege wenye nondo. Hela nyingi ilizama ardhini ambako hakuna mgeni atakayeisifia. Lakini ukuta wangu njoo uutafute ufa.

Chimba shimo la majaribio kabla ya kuomba maoni ya mtu yeyote. Narudia, chimba shimo.

Kitu kingine tulichofanya, na hiki sikukiona kwenye grupu lolote, ni kuichora nyumba chini kwa majivu. Tulibeba debe la majivu na kamba, tukachora vyumba vyote kwa kipimo chake halisi, milango tukaacha wazi. Mama mkwe ndiye tuliyemleta akague. Kwake ni Marangu, lakini akiwa na kliniki hospitali ya KCMC analala kwetu, na anatembea na mkongojo. Nikamwambia, “Mama, hapa ndipo kitanda chako, choo kile pale, nenda.” Akaenda polepole ndani ya mistari, hakukanyaga ukuta hata mmoja, akafika kwenye kona ya korido akasimama. “Hapa usiku nitajigonga,” akasema. “Na mkono wangu mwingine naushika wapi?”

Kona ile ikafutwa kwa mguu saa ile ile. Choo kikahamia mlango wa pili kutoka chumbani kwake. Milango ya vyoo mafundi wengi wanaweka futi 2 na nusu. Wangu ni futi 3 yote, kwa sababu mwenye mkongojo leo kesho anaweza kuwa kwenye kiti cha magurudumu, awe yeye au mimi.

Halafu akauliza, “Moto wangu nitauwasha wapi?” Watu wa mtandaoni walishanishawishi nifute jiko la nje, eti gesi ipo. Gesi ipo, ndiyo. Sasa njoo Desemba uone ukoo wa Kichaga ukishuka na kupanda, sufuria ya ndizi ya watu 40 utaibandika kwenye plate ipi ya gesi? Jiko la nje likarudi, lina paa na bomba la moshi. Na Krismasi ya kwanza tu ile baraza ya shule ilijaa kuanzia mlango wa sebule mpaka mwisho, wazee na mbege yao upande mmoja, vijana upande mwingine, watoto wamekaa kwenye ukingo wananing'iniza miguu. Darasa la saba B walifika, na wazazi wao.

Kuta, lenta, kupaua, lipu na nyaya nayaruka. Ni vumbi, hela na kugombana, kila aliyejenga anajua.

Nirudi kwenu mnaojenga. Sikatai mtu kuuliza mitandaoni, mzee yule nilimpata huko huko. Ila mpime mtu kwa anachokuuliza. Asiyekuuliza kiwanja kiko wapi, udongo ni wa namna gani, maji yanapita wapi na nani atalala humo, huyo anaijenga nyumba yake kwa hela yako. Kubalianeni kwanza wawili ndani ya nyumba, ndipo mwende kwa watu. Na wewe uliye nje ya nchi unayejenga kwa simu, mtume ndugu akapige video mvua ikinyesha, achana na zile za jua zuri na fundi akitabasamu.

Ramani ikishatulia, mpelekee mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na umlipe. Wa kwetu alilichukua daftari langu bila kucheka, akabakiza baraza, akarekebisha mahali ambapo paa lingekosa ukuta wa kulibeba, akachora na shimo la maji machafu mbali na kisima cha jirani. Mita 30 ndiyo kanuni ya kawaida. Halmashauri nako, kwenye kibali, mchoro unaoeleweka unakupunguzia nenda rudi.

Maji nilitaka kuyasahau. Watu wa Arusha na Meru, mtu wa Dar akikwambia chimba kisima uwe huru, peleka kwanza maji ya eneo lako maabara yakapimwe floraidi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru vinazidi hapo kwa sababu ya miamba ya volkano. Kuchemsha hakuitoi. Wanaoumia zaidi ni watoto ambao meno yao ya utu uzima hayajaota, ndiyo haya ya kahawia mnayoyaona. Kwa hiyo tanki la maji ya mvua ya kunywa na kupikia liingie kwenye ramani tangu mwanzo, karibu na jiko, gata lote likielekea huko. Na lipewe msingi wake wa zege: tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na kwenye udongo wa mbuga litalala upande masika ya kwanza tu.