Jeni ya "eyeless": je, ni "jeni isiyo na macho"?

SWALI: Ninatafsiri somo la biolojia kuhusu nzi wa matunda. Zimo jeni mbili, *eyeless* na *sevenless*. Nimeandika: "Jeni isiyo na macho husababisha maendeleo ya jicho." Mhariri amenirudishia akisema sentensi inajipinga. Nimekosea wapi?

JIBU: Umetafsiri jina la jeni kana kwamba ni sifa yake. Watafiti wa nzi hawa huipa jeni jina la dosari inayoonekana jeni hiyo inapoharibika. *Eyeless* ikiharibika, macho ya nzi huwa madogo mno au hayapo kabisa. Ikiwa nzima, ni miongoni mwa jeni zinazoanzisha ujenzi wa jicho. Mwaka 1995 maabara ya Walter Gehring huko Basel, Uswisi, iliiwasha kwenye miguu na mabawa ya nzi, na macho yakaota huko. Sasa ukiandika "isiyo na macho", kiambishi i- kinarejea jeni, na msomaji anaelewa kwamba jeni ndiyo iliyokosa macho. Liache jina lilivyo, kwa herufi za mlazo, kisha lifafanue kwa -ki- au -sipo-: "jeni ya *eyeless*, ambayo isipofanya kazi nzi hukosa macho".

*Sevenless* ina mtego mkubwa zaidi. Usiandike "kukosa saba", maana nzi hakosi seli saba. Anakosa seli ya saba. Hapo kihusishi -a kinabeba maana yote. Jicho moja lina vijicho takriban 750, na kila kijicho kina nyuroni (yaani seli za neva) 8 za kupokea mwanga, zinazoitwa R1 hadi R8. R8 ndiyo ya kwanza kupata utambulisho wake, R7 ndiyo ya mwisho. Jeni ya *sevenless* hutoa kipokezi ambacho seli inayotarajiwa kuwa R7 hukitumia kupokea ishara kutoka kwa jirani yake R8. Kipokezi kikikosekana seli hiyo haifi, kwa hiyo "jeni inayoua R7" ni kosa pia. Andika: "seli iliyotarajiwa kuwa R7 huwa seli ya koni", yaani seli inayosaidia kutengeneza lenzi, wala si nyuroni tena.

Liondoe na neno "maendeleo". Kwa msomaji wetu hayo ni barabara, shule na maji. Tumia "kujengeka" au "kukua", kulingana na kama seli inapata umbo na kazi au inaongezeka ukubwa tu. "Husababisha" nalo si kosa la sarufi, ila tumezoea kulisikia kwenye ajali na hasara; "huanzisha" au "huwezesha" linakaa vizuri zaidi. Sentensi yako basi iwe: "Jeni ya *eyeless* huanzisha kujengeka kwa jicho."

Jambo moja zaidi, ambalo mhariri hakuligusa. Mkulima wa maembe akisikia "nzi wa matunda" anamfikiria yule anayetaga mayai ndani ya embe na kuliozesha, ambaye ni wa familia nyingine. Wako ni yule mdogo wa milimita 3 hivi anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mara ya kwanza andika "nzi wa matunda aina ya *Drosophila*". Baada ya hapo "nzi" inatosha.