Mitego tulipewa, chambo nani atanunua?

SWALI: Bwana Shamba shikamoo. Nalima maembe huku Ukambani, nina miti kama 60, ngowe na Kent. Miaka mitatu iliyopita mradi mmoja ulitugawia mitego ya nzi wa matunda bure, msimu wa kwanza tukaona afadhali kweli, halafu chambo kikaisha na mradi nao ukaenda zake. Sasa kikundi kinataka kila mtu achange 500, na jirani yangu mwenye miti 200 amekataa katakata, anasema hio ni kazi ya kaunti. Wiki ijayo kuna baraza la kuangalia huo mpango upya. Niende niseme nini?

JIBU: Marahaba. Wakianza kukusomea mitego mingapi iligawiwa, wasikilize tu lakini usiridhike, hio ni hesabu ya kupigia picha. Uliza mashamba mangapi yaliyopakana yalitega kwa wakati mmoja, nani alikuwa anabadilisha chambo, na lile daftari la kuandika nzi walioingia liko wapi. Kama hakuna daftari basi hapo hamkagui kitu, mtabishana mpaka chai ipoe.

Afu kuna jambo watu hawaambiwi: kile chambo cha harufu kinavuta madume. Jike ndo anatoboa embe na kutaga ndani, na akishapandwa huko kwa jirani anakuja kwako bila kubisha hodi. Juzi nimeokota ngowe chini ya mti, kwa nje ina kadoa kama ka sindano, kuipasua funza wanarukaruka humo ndani. Ukiiacha hapo wanaingia mchangani, wanageuka pupa (wanajifunga ndani ya kaganda), na baada ya siku kumi hivi unao nzi wapya. Kwa hio mtego bila kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia nusu mita, au kuyafunga kwa mfuko mweusi juani, ni kupoteza pesa.

Kuhusu jirani, hajakosea sana. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, na mambo ya kukagua mazao ya kuuza nje yako kwa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Lakini shimo la kufukia maembe yake hakuna gavana atakuja kumchimbia. Mi naona kaunti ilipe yale ya wote, yaani chambo, maafisa wa kuzunguka na hilo daftari, na usafi wa shamba uwe wa mwenye shamba. Na mkichanga changeni kwa idadi ya miti, si kwa vichwa, wewe wa 60 utoe sawa na wa 200 kwa nini? (Najua atazidi kununa.) Mkumbushe 2014, Kenya ilijisimamishia yenyewe kuuza maembe Ulaya sababu ya huyu nzi, yakarudi 2021, na aliyekuwa na shamba safi aliumia pia.

Ila kazia zaidi tarehe. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza Julai, mitego inatakiwa iwe juu embe zikiwa bado changa, na pesa zikichelewa mnaletewa chambo Januari wakati ngowe zishaoza. Dai chambo kiwe na fungu lake kila mwaka kwenye bajeti, na kinunuliwe kabla ya Oktoba.

Na siku hio beba embe moja iliyoanguka, usiipasue nyumbani, ipasue hapo barazani jirani akiwa amekaa karibu.