Mfuko mmoja wa mbolea kwa mtama na uwele: weka shimoni, usirushe

Mkuu, umeuliza kama kuna maana kununua mfuko mmoja tu wa kilo 50 kwa hekta nzima ya mtama kwenye eneo la mvua chache, au bora uache kabisa. Nunua. Ila usiirushe shamba zima, kila shimo lipewe chake. Mimi nalima mtama na uwele hivi, na kurusha sirudii tena.

Anza na hesabu ya mashimo. Ukipanda mita moja kwa mita moja, hekta ina mashimo 10,000. Kipimo walichosambaza ICRISAT (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu) na wakulima wa Niger, Mali na Burkina Faso ni gramu 6 za NPK 15-15-15 (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa shimo, yaani kilo 60 kwa hekta, au gramu 2 za DAP (mbolea yenye nitrojeni na fosforasi nyingi), yaani kilo 20. Kwa hiyo mfuko wako ukiwa wa DAP unatosha mashimo 25,000. Lakini ukipanda sentimita 75 kwa 30, mashimo yanapita 44,000, na hapo mfuko hautoshi.

Gramu 6 ni kama kizibo cha soda kilichojaa, au kiasi kinachoshikwa na vidole vitatu. Vidole vya watu havilingani, kwa hiyo pima mara moja kwenye mizani, uweke alama kwenye kizibo, na wote mtakaopanda mtumie hicho hicho.

Siri kubwa ni fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hizi. Haisafiri mbali kwenye udongo, na mche mchanga una mizizi mifupi. Ikiwa karibu, mizizi inashuka mapema kabla udongo wa juu haujakauka. Ukitembea shambani wiki chache baada ya kuota utaona mwenyewe: shina lililokosa limedumaa na majani yana uzambarau, la jirani yake limeshapanua majani. Hilo la pili ndilo litakalotoa masuke mapema na kuuwahi ukame wa mwisho wa msimu.

Mbolea isigusane na mbegu, itaunguza. Iweke pembeni kidogo au chini, fukia kwa udongo, kisha ndipo mbegu. Urea, yaani mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, usiiweke kabisa wakati wa kupanda. Isubiri mtama uanze kurefuka, udongo uwe na unyevu, na palizi iwe imefanyika, maana ukitia mbolea kwenye magugu unayalisha magugu. Mvua ikikata, usitie. Hiyo ndiyo faida ya vipimo vidogo, hela yako bado iko stoo.

Jambo moja linaloniumiza nikiona watu wanalipuuza: mavuno yakipanda, shamba linatoa virutubisho vingi kuliko hicho kizibo kinavyorudisha. Kila mwaka mbolea tupu, mabua yote yanaenda kwa ng'ombe, udongo unachoka. Tia kiganja cha samadi iliyooza kwenye shimo hilo hilo. Kama samadi ni chache, anza na sehemu za shamba zilizochoka zaidi, mwakani uhamie kwingine.