Barua kwa mwanangu: ile picha ya nyambizi

Mwanangu,

Picha nimeipata, ile ya nyambizi ya Marekani ya daraja la Los Angeles (yaani ya aina inayoitwa hivyo) iliyopigwa kutoka kwenye helikopta, na swali lako nimelisoma: "Mama, hii inafaa kuchapwa kubwa niitundike ukutani, au naipenda tu kwa sababu ni nyambizi?" Nimeitazama jana usiku, nikaitazama tena leo asubuhi macho yakiwa yamepumzika. Umefanya vizuri kujishuku. Nyambizi maisha yake ni kujificha, kwa hiyo ikiibuka hata picha mbovu hutusisimua. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya kuchagua picha nimewaona watu wakisifia chombo huku wakidhani wanasifia picha.

Mimi huanza na weusi. Bodi ya nyambizi ni nyeusi isiyong'aa, imelala kwenye maji ambayo nayo ni ya giza, na ubavuni mwake kuna povu jeupe pe. Hapo kamera hupata taabu. Ukipima mwanga kwa kuifuata bodi, povu linaungua na kubaki doa tupu. Ukilifuata povu, chombo kinageuka gogo la mkaa. Kwenye picha yako povu limesalimika. Nimevuta karibu pale omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inapopasua maji, nikaona michirizi ya kijani ndani ya weupe, na nikafurahi. Lakini mgongo, kuanzia nyuma ya mnara hadi tezi, yaani mwisho wa chombo kwa nyuma, umepotelea gizani. Nyambizi ni ya mviringo kama pipa, na jicho linataka kuuona huo mviringo: upande wa jua upauke kidogo, kisha giza lizidi taratibu kadiri bodi inavyoteremka majini. Kwako naona bapa tu.

Hilo bado si la kuitupa picha. Giza unaweza kuliinua kwenye kompyuta, ila weupe ulioungua haurudi, ndiyo maana nasema mpigaji alichagua upande sahihi wa kukosea. Liinue kidogo tu. Ukizidisha, bodi itajaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi.

Kinachonisumbua zaidi ni ukali. Picha ikififia, watu hukimbilia kusema fokasi imekosewa, kumbe magonjwa ni kadhaa na kila moja lina dalili yake. Fokasi ikikosewa, kingo hulainika pande zote. Ukungu mwepesi ukiwa mwingi hewani, kingo zipo lakini rangi zimepauka na kila kitu kimeingia ubuluu. Mtu akijaribu kuficha udhaifu kwa kuinoa picha kwenye kompyuta, utaona uzi mweupe umezunguka bodi nzima, kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Na kamera ikitikisika, kila mstari unavutika kuelekea upande mmoja.

Sasa nenda kwenye mnara, uangalie ile milingoti ya antena. Kila mlingoti una kingo mbili zinazofuatana, ya pili hafifu, upande wa kulia. Huo ni mtikisiko. Helikopta hutetema muda wote, na anayeegemeza viwiko mlangoni anaukaribisha mtetemo wote ndani ya kamera. Wazoefu hujitenga na bodi ya helikopta na kuiweka shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, kwenye 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi.

Nilipiga hesabu kidogo. Nyambizi ya daraja hilo ina urefu wa kama mita 110. Faili lako lina pikseli 6,000 kwa 4,000, na chombo kimechukua nusu ya upana, yaani 3,000. Pikseli moja basi inabeba karibu sentimita 4, na kichwa cha mtu kinapata pikseli tano au sita tu. Wale watu watatu juu ya mnara usiwadai nyuso, hazimo. Vichwa, hata hivyo, vingepaswa kuwa na ukingo, na vyenyewe vimevutika kulia vilevile kama milingoti. Ukubwa wa faili haukuangushi, maana kuchapa A3 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli 4,960 kwa 3,508 tu.

Mpangilio sina neno nao. Mbele ya omo kuna maji ya kutosha, na pembe ya mshazari imeupa mnara kimo chake. Ingepigwa wima kutoka juu, mnara ungekuwa kibati tu mgongoni.

Ingekuwa picha ya ushahidi ningesema mengine. Mwaka 1983 nyambizi ya Kisovieti K-324 ilinasa kwenye rafadha yake (panga za kuisukuma majini) kebo ya sona, yaani mtambo wa kusikilizia sauti chini ya maji, iliyokuwa ikikokotwa na manowari ya Marekani, USS McCloy, ikakwama juu ya maji katika Atlantiki. Wamarekani wakaipiga picha kutoka angani, na macho yote yakaenda kwenye kitu chenye umbo la tone kilichokaa juu ya usukani wake wa wima, ambacho Magharibi walikuwa wakibishana ni cha nini. Kumbe kilihifadhi sona ya kukokotwa. Picha ya namna hiyo ikionyesha tone lile vizuri, imemaliza kazi yake, hata bahari ikiwa ya kijivu na upeo umepinda. Yako ni ya ukutani, utaitazama kila siku, na milingoti ile itaanza kukukera wiki ya pili.

Kwa hiyo A3 hapana. Nusu ya ukubwa huo, sawa, mtikisiko hautaonekana sana. Lakini kwanza tafuta wenzake. Hakuna anayepanda helikopta akapiga picha moja. Hupigwa mfululizo, na huenda ile iliyofuata ilitulia. Wapigaji ni Wanamaji wa Marekani wenyewe, na picha zao za kikazi hazina hakimiliki huko kwao, hivyo zitafute bila wasiwasi. Ukizipata nitumie mafaili yenyewe, usiyapitishe kwenye simu yakabanwa. Na usinitajie kwanza unayoipenda.

Mama yako